Kinachoanguka Kampala si theluji, kinachopotea Rwenzori si maji

Kila msimu wa mvua, uwe ule wa Machi hadi Mei au wa Septemba hadi Novemba, simu zetu hujaa video za aina moja. Ua umegeuka mweupe, mabati yanapigwa hadi watu hawasikilizani, watoto wanakusanya barafu kwa beseni, na anayerekodi anatangaza kwa furaha kwamba theluji imeanguka Uganda. Kufika jioni video imeshazunguka Fort Portal, Kampala, Nairobi na Goma, na katika kila kundi la WhatsApp hakosekani mtu anayeomba mambo yaendelee hivyo hadi Krismasi. Furaha hiyo sasa imekutana na habari nyingine, ya vipimo vipya kutoka milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, vinavyoonyesha kwamba barafu ya kudumu inakwisha, na watu wameziunganisha habari hizo mbili. Nimemsikia mpigaji simu redioni akieleza kwamba theluji inahama mlimani inatushukia sisi wa chini. Mwingine alisema tabianchi imegeuka, kwa hiyo wajukuu wetu watavaa makoti Kampala kama Wazungu. Upande wa pili wapo watu wa mashirika na baadhi ya viongozi wanaosema barafu ya Rwenzori ikiisha, mito ya Kasese, wilaya iliyo chini ya milima hiyo, itakauka.

Naona pande zote mbili zimepotea njia, na upotevu wao una gharama. Kinachoanguka kwenye paa zetu ni mvua ya mawe, ambayo mama yake ni joto. Theluji haitashuka kwenye nchi tambarare ya Uganda, na hata ingewezekana tusingepaswa kuitamani. Barafu ya Rwenzori inatoweka kweli, na ni msiba, lakini sababu tunayoitaja mara nyingi tunapoulilia msiba huo haina msingi. Mito ya Kasese hailishwi na barafu. Inalishwa na mvua, msitu, kuvumwani (mimea midogo laini inayotanda kama zulia) na mabwawa ya matope yaliyoko katikati ya mlima, na huko hatupeleki macho wala fedha za kutosha.

Tuanze na urefu kutoka usawa wa bahari, maana ndio unaoamua mambo yote haya. Kampala iko kwenye mita kama 1,200, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni nyuzi 22 hivi. Hewa hupoa kadiri unavyopanda, kwa makadirio ya nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Piga hesabu: ili ufikie nyuzi sifuri juu ya Kampala lazima upande mita 3,600 na ushee, yaani ufike karibu mita 4,800 juu ya bahari. Ndiyo sababu theluji ya kukaa tunaiona kwenye vilele vya Rwenzori tu, ambako kilele cha Margherita kinafika mita 5,109, na ndiyo sababu mlima Elgon wenye mita 4,321 hupata theluji ya kupita na hauna barafu ya kudumu. Kabale, ambako watu hulala na mablanketi mawili, iko juu kidogo tu ya mita 1,800. Kasese iko chini ya Kampala na joto lake kila mpita njia analijua. Kwa hiyo theluji ya kweli ikae barabarani Kampala, nchi nzima ingelazimika kupoa kwa nyuzi zaidi ya 20. Dunia inapata joto, haipoi. Anayesema mabadiliko ya tabianchi yatatuletea theluji anategemea nguvu ileile inayoisukuma theluji juu zaidi, mbali na sisi.

Wapo wanaojibu kwamba dunia imewahi kupoa, na kwamba yaliyotokea zamani yanaweza kurudi. Ni kweli iliwahi kupoa, na ushahidi uko hapahapa kwetu. Katika enzi ya mwisho ya barafu, ndimi za barafu za Rwenzori ziliteremka kwenye bonde la Mubuku hadi karibu na mita 2,000, na ziwa Mahoma limezibwa na kifusi kilichoachwa na barafu hiyo. Anayepanda leo kutoka Nyakalengija anapita juu ya matuta ya mawe yaliyosukumwa na barafu, ingawa yamefunikwa na msitu na wengi hawajui wanakanyaga nini. Lakini hata wakati huo barafu haikufika ufukweni mwa ziwa Victoria. Kilichofika huko ni ukame. Ziwa Victoria lilikauka, na miaka kama 15,000 iliyopita lilikuwa bado linajaa upya. Baridi ya kiasi kile ilipunguza mvuke baharini na ikapunguza mvua kwenye nchi za tropiki. Mtu anayetamani Kampala yenye theluji ajue kwamba mara ya mwisho mlima ulipojaa barafu, hapakuwa na ziwa la kuvua sangara wala sato, na misitu ilikuwa imesinyaa. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu hamu ya theluji huchukuliwa kuwa hamu isiyo na madhara, ilhali ndani yake mtu anaiombea nchi yake baridi ambayo mazao yake yote, kuanzia ndizi hadi kahawa, hayaiwezi.

Sasa hicho cheupe kinachoanguka ni nini? Theluji huzaliwa kwenye wingu lenye baridi kote, kwa chembe ndogo za barafu zinazoungana taratibu na kushuka kwenye hewa ambayo nayo ni baridi hadi chini. Mvua ya mawe hufuata njia tofauti kabisa. Asubuhi jua linachoma ardhi, mvuke wa ziwa na wa misitu unapanda, na kufikia alasiri wingu la ngurumo limesimama kilomita 10 na zaidi kwenda juu. Ndani yake upepo unapanda kwa nguvu na kubeba matone hadi kwenye baridi kali, ambako kuna maji yaliyopoa chini ya sifuri bila kuganda. Maji hayo yanaganda papo hapo yakigusa punje ya barafu. Punje hurushwarushwa na upepo huo kama maharage kwenye sufuria inayochemka, ikivaa tabaka moja baada ya jingine, mpaka upepo ushindwe kuibeba. Hapo inaanguka kwa kasi kubwa mno kiasi kwamba haipati muda wa kuyeyuka kabla ya kugonga bati. Kata jiwe kubwa la mvua kwa kisu utaona pete zake, nyeupe na za kioo, zikipokezana. Bila joto kali chini, hakuna upepo huo. Ndiyo maana mawe huanguka alasiri wakati theluji ya kwao Ulaya inaweza kuanguka saa tisa za usiku, na ndiyo maana saa moja baadaye jua linawaka na ua umekauka.

Kosa hili halikuanza nasi wala halitaishia kwetu. Septemba 2008 watu wa Busara, karibu na Nyahururu huko Kenya, waliamka kwa shangwe mbele ya kilima cheupe, na habari ikatangazwa duniani kwamba Kenya imepata theluji. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana na kushikana. Kericho, kwenye mashamba ya chai ya nchi hiyohiyo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na iko karibu kabisa na ikweta. Sisi tulioko upande huu wa ziwa tuna mawingu ya ngurumo ya ukoo mmoja na ya kwao.

Kuna hoja naiheshimu: waache watu wafurahi. Maisha ni magumu, nauli inapanda, na jambo geni likianguka kutoka mbinguni bure, nani ana haki ya kumnyang'anya mtoto beseni lake la barafu? Simnyang'anyi mtoto. Nilisimama mwaka mmoja kwenye kijiji cha Kabarole dakika chache baada ya mvua ya namna hiyo kukatika. Watoto walikuwa wanarushiana mawe ya mvua na kuyatafuna. Hatua 20 nyuma yao, mama mwenye shamba alikuwa ameinama kwenye mstari wa maharage yaliyokuwa yameanza kutoa maua, akiinua shina moja baada ya jingine na kuliacha, maana kila moja lilikuwa limevunjika shingoni. Majani ya migomba yalikuwa yamechanika nyuzi nyuzi, na kwenye mikungu michanga ya matoke kila ndizi ilikuwa na jeraha jeusi linalovuja utomvu. Nilimwambia, "Pole sana, mama." Akajibu kwamba mbegu alikopa. Hiyo ndiyo sehemu isiyoingia kwenye video. Tunapoiita mvua ya mawe theluji, tunaigeuza hasara ya mkulima kuwa tamasha la mtazamaji, na afisa kilimo wa wilaya anayepaswa kuhesabu ekari zilizoharibika anapata picha za kuchekea badala ya taarifa. Furaha ya mtoto itabaki hata tukiita kitu kwa kilivyo.

Hamu yenyewe ya theluji nadhani naielewa. Desemba ikifika, ingia duka lolote kubwa Kampala: mti wa plastiki umefunikwa na pamba ile ya dukani ya kusafishia vidonda, imevutwa vipande vipande na kutupwa juu ya matawi, na nje ni jua la kiangazi. Tumelelewa na kadi na filamu zinazosema sikukuu ni nyeupe. Kinachonisikitisha ni kwamba nchi hii haina sababu ya kuazima theluji ya pamba, kwa kuwa ina ya kwake. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, mwanajiografia William Desborough Cooley alimpinga akiwa London, akidai haiwezekani karibu na ikweta. Watu walioishi chini ya milima hiyo hawakuwa na shaka yoyote. Bakonzo, wenyeji wa Rwenzori, wamejua tangu zamani kwamba vilele vyake ni vyeupe, na katika imani yao huko juu ndiko makao ya mungu wao Kithasamba. Mpelelezi Henry Morton Stanley alizitambua theluji hizo mwaka 1888 akaandikwa kwenye vitabu, ilhali wapagazi na wenyeji walioziona kabla yake hawana jina kwenye ramani. Leo mtoto wa Wakiso anaweza kukuelezea theluji ya New York aliyoiona kwenye simu, na usishangae akikuuliza kama ya Uganda ipo kweli.

Ipo, lakini tuseme ukweli kuhusu iliyobaki. Duke wa Abruzzi, wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipopanda vilele vikuu mwaka 1906, akiwa na mpiga picha Vittorio Sella, milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu ya kudumu: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kadiri karne ilivyosonga, mitatu ilibaki mitupu. Watafiti waliolinganisha picha za satelaiti walikuta kilomita za mraba kama 2 za barafu mwaka 1987 na karibu 1 tu mwaka 2003. Timu ya Project Pressure, shirika linalorekodi barafu zinazotoweka, iliyopanda pamoja na waongozaji wa Uganda ilipima uwanda wa barafu wa mlima Stanley na kukuta kwamba kati ya 2020 na 2024 umepoteza karibu asilimia 30 ya eneo lake, na kwamba kwenye Speke na Baker kilichosalia ni vipande visivyotembea tena. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa ripoti mwaka 2021 likikadiria kwamba barafu za Rwenzori, Kilimanjaro na mlima Kenya zinaweza kuisha kufikia miaka ya 2040. Umoja wa Mataifa ukaufanya mwaka 2025 kuwa wa kimataifa wa kuhifadhi barafu, na tarehe 21 Machi ikawekwa kuwa siku yake kila mwaka. Kwa hiyo hotuba zimeongezeka, na ndani ya hotuba ndimo hoja ya mito ilimokita mizizi.

Kabla ya hoja hiyo, neno moja juu ya chanzo, maana hapo wanasayansi wenyewe walivutana kwa uaminifu. Kundi moja lilisema barafu ya Rwenzori inarudi nyuma hasa kwa sababu ya joto la hewa kuongezeka. Jingine, lililofanya kazi sana Kilimanjaro, likakumbusha kwamba Afrika Mashariki ilianza kukauka mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba mawingu yakipungua jua linaila barafu moja kwa moja hata joto la hewa lisipobadilika sana. Ugomvi huu ulikuwa wa maana, hasa kuhusu miongo ya mwanzo. Kwa miongo ya karibuni, dunia nzima inapopata joto na barafu za tropiki zinaondoka kila bara kwa pamoja, ni vigumu kuliondolea joto lawama. Lakini hata ukichukua upande wowote, hakuna mti utakaopandwa Kasese utakaorudisha barafu ya Stanley. Upandaji miti una faida zake nyingi, na hiyo si mojawapo. Nimeona mabango yanayoahidi hivyo, na wanaoyaweka wanaiahidi jamii kitu wasichoweza kuitimizia.

Twende kwenye mito. Hoja inasema hivi: barafu ni tangi la maji, likiisha, Mubuku, Nyamugasani na ndugu zao zitakauka, mitambo ya umeme kama ule wa Bugoye wa megawati 13 itasimama, na skimu ya umwagiliaji ya Mubuku itakosa maji. Inasikika vizuri, na kwenye milima mingine ni kweli. Kule Peru kuna kiangazi kirefu ambacho mito hutegemea maji yanayoyeyuka kutoka juu. Hoja hiyo imesafirishwa ikaletwa Rwenzori bila kuuliza kama mlima huu unafanana na ule. Haufanani. Rwenzori hupokea mvua ya milimita 2,000 hadi 3,000 kwa mwaka kwenye sehemu zake zenye unyevu, na huko juu hakuna mwezi ambao ni mkavu kabisa. Hifadhi ya taifa ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 1,000. Chukua kilomita moja ya mraba ya barafu, na useme inapoteza unene wa mita nzima kwa mwaka: hizo ni mita za ujazo milioni 1. Chukua mita mbili za mvua juu ya hifadhi: hizo ni mita za ujazo bilioni 2. Toa hata nusu yake iliyorudi angani kama mvuke, bado barafu ni sehemu moja kati ya elfu. Watafiti waliopima mto Mubuku wenyewe walifikia jibu la aina hiyohiyo: mchango wa maji ya barafu kwenye mto unapofika chini ya mlima ni chini kabisa ya asilimia 2.

Rafiki zangu wa mashirika hunijibu kwamba hata kama hesabu ni hiyo, hadithi ya barafu inafungua mikono ya wafadhili, na fedha zikifika zitafanya mema. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, ingawa inasemwa na watu wenye nia nzuri, na inafaa ijibiwe bila kuoneana haya. Fedha hufuata hadithi. Ukisema tatizo la maji ni barafu, basi dawa iko kwenye mikutano ya nje ya nchi, na Kasese inabaki kusubiri. Ukisema tatizo ni ardhi oevu inayotapika matope, kingo zinazolimwa hadi majini na moto unaoachwa uteketeze kuvumwani, dawa iko mikononi mwa serikali ya wilaya, hifadhi na wakulima, na mtu anaweza kuulizwa mwezi ujao amefanya nini. Hadithi ya kwanza inamwondolea kila mtu wajibu. Isitoshe, siku barafu itakapoisha na Mubuku uendelee kutiririka, mwananchi atauliza kwa haki kabisa kama na mengine yote aliyoambiwa kuhusu tabianchi yalikuwa ya namna hiyo.

Mfano mchungu zaidi ni mafuriko. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka Kilembe ukabeba nyumba, madaraja na sehemu za hospitali. Mei 2020 ukarudi, safari hii pamoja na mito mingine ya Kasese, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Familia zilizopoteza makazi ziliishi kwa miaka katika kambi ya Muhokya. Mara zote mbili niliisikia kauli ileile: barafu inayeyuka. Lakini maji ya barafu ya Stanley kwa upande wetu yanaingia bonde la Bujuku na Mubuku. Bonde la Nyamwamba ni jingine. Kilicholeta mawe yale ukubwa wa gari ni mvua kubwa kwenye miteremko mikali, na kwa mwaka 2013 ni mvua iliyoangukia mlima ambao mwaka uliotangulia ulikuwa umeungua sehemu zake za juu. Tabaka la kuvumwani na mimea ya hali ya juu, ambalo hunyonya maji na kuyaachia polepole, lilikuwa limegeuka majivu. Ongeza na mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, uliofanya kazi kwa kiasi kikubwa kuanzia 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yaliyorundikwa kandokando ya mto na kulambwa na kila furiko. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachohitaji theluji ili kieleweke. Joto la dunia linahusika, kwa kuwa hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi na kuumwaga kwa ghafla. Ila njia yake kufika kwenye mlango wa mtu wa Kilembe ni mvua, na anayezungumzia barafu anamnyima mtu huyo onyo analolihitaji.

Hapo ndipo baadhi ya watu hurukia upande wa pili: kama barafu haitunyweshi, iache iende. Siwezi kukubaliana nao. Kuna Bakonzo ambao kwao kilele cheupe ni sehemu ya dini na ya utambulisho wa ufalme wao wa Rwenzururu, na hawana wajibu wa kuthibitisha faida ya kiuchumi ya kitu kitakatifu. Kuna kumbukumbu ya hali ya hewa iliyolala ndani ya barafu na kwenye udongo wa maziwa yaliyo chini yake. Kuna vijana wa vijiji vya Nyakalengija na Kilembe wanaopata riziki kwa kubeba mizigo na kuwaongoza wageni hadi Margherita. Njia ya kupita karibu na kituo cha Elena, kwenye mita 4,541, imebadilishwa mara kadhaa kwa sababu barafu imepasuka au imeacha mwamba mtupu unaoteleza na wa hatari, na ngazi na kamba zinawekwa mahali ambapo baba zao walitembea kwa miguu. Hizi ni sababu za kweli. Nazipenda kuliko ile ya mito kwa sababu hazihitaji kutiwa chumvi, na kwa sababu zinatuambia nani hasa anapoteza nini. Pia zinatupa sauti iliyonyooka mbele ya mataifa yaliyochoma makaa na mafuta kwa karne mbili: mmeondoa kitu ambacho hakina bei na hamuwezi kukirudisha, kwa hiyo fidia yenu iende kwa watu waliokuwa wakiishi nacho. Kule Uswisi wanafunika sehemu ya barafu ya Rhône kwa mashuka meupe wakati wa kiangazi ili isiyeyuke haraka. Kwenye Stanley, ambako kila kilo inabebwa mgongoni kwa siku kadhaa na jua halina likizo, jambo kama hilo lingekuwa kupoteza nguvu za wapagazi.

Yakikubaliwa haya, kazi inayofuata inaonekana. Mamlaka ya hali ya hewa iwe na tangazo la mvua ya mawe kwa lugha za wananchi, Kiswahili kikiwemo, kwa kuwa tangu mabadiliko ya katiba ya 2005 ni lugha rasmi ya pili na bado taarifa za hatari zinakifikia kwa kuchelewa. Mpango wa bima ya kilimo, ambao serikali imekuwa ikilipia sehemu ya ada tangu mwaka wa fedha 2016/17, uelezwe hadi kwenye vikundi vya akina mama wa maharage na migomba, na mawe ya mvua yatajwe waziwazi kati ya majanga yanayofidiwa, pamoja na namna ya kupiga picha za hasara kabla barafu haijayeyuka. Hapo ile simu inayorekodi theluji itapata kazi yenye manufaa. Kasese ipate vipima mvua vingi zaidi juu ya mabonde ya Nyamwamba na Mubuku, watu wa kuzima moto kwenye nyanda za juu, na kingo za mito zisizolimwa.

Na waongozaji wa Rwenzori waajiriwe sasa kupima. Wao ndio wanaofika kwenye ukingo wa barafu mwezi hadi mwezi, wanajua jiwe gani lilikuwa limefunikwa mwaka jana, na hawahitaji kusubiri msafara kutoka nje. Wapewe mshahara, vifaa vya kupimia mahali na daftari la pamoja linalohifadhiwa Kasese, na majina yao yaandikwe kwenye kila takwimu wanayoleta, kwa kuwa miaka ya kufanya hivyo imebaki michache.